Mkakati wa uchumi wa kaunti: katibu wa soko aseme nini kwa dakika tano?

Swali: Shikamoo. Mimi ni katibu wa chama cha wafanyabiashara wa soko katika mji mmoja wa kaunti za Pwani ya Kenya. Kaunti yetu inaandika upya mkakati wake wa maendeleo ya uchumi na imetuita tutoe maoni. Rasimu waliyotutumia ni nene, imejaa "kuwezesha", "kuimarisha" na "kushirikisha wadau", na ukiichuja unabaki na mambo matatu: eneo la viwanda, mfuko wa mikopo na mafunzo ya ujasiriamali. Wanachama wangu wanasema hayo wameyasikia tangu ugatuzi uanze. Tutapewa dakika tano za kuzungumza. Tuseme nini ili mkakati uwe na nguvu, na huo msaada wa biashara utufikie sisi wenye vibanda?

Jibu: Marahaba, katibu. Dakika tano si haba. Nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo vya kutosha kujua kwamba mtu mwenye hoja moja na karatasi mkononi huwatoa maafisa jasho kuliko hotuba ya saa nzima, ambayo aghalabu huishia kwenye chai na mandazi. Nitaandika kwa urefu, kupunguza nakuachia wewe.

Hukutaja kaunti yako na sitaikisia. Mifano mingi nitaitoa Taita-Taveta, kwa sababu karibu kila tatizo la uchumi wa Pwani lina ndugu yake kule. Kuna barabara kuu inayokata katikati, mpaka na Tanzania, vito chini ya ardhi, mashamba ya mkonge, ndizi zinazonywa maji ya Kilimanjaro, na ardhi ambayo kama asilimia 62 yake imo ndani ya mbuga za Tsavo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671. Kaunti ya namna hiyo, kubwa kwa eneo na ndogo kwa watu, haina nafasi ya kubahatisha. Ikiweka fedha pasipofaa, inajulikana msimu huohuo.

Anza na kalamu nyekundu. Ipitie rasimu, na kila penye ahadi ujiulize: hili liko mikononi mwa kaunti, au kaunti inaliombea dua tu? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi wazi. Kaunti ilipewa masoko, leseni za biashara, vyama vya ushirika, utalii wa ndani, kilimo na mifugo, barabara za kaunti, vyuo vya ufundi vya vijijini na upangaji wa miji na ardhi. Haikupewa riba ya benki, kodi ya mapato, bei ya dizeli wala forodha. Mkakati dhaifu unatambulika hapo hapo: ahadi nyingi ziko upande ambao kaunti haina mamlaka, na upande wenye mamlaka umepewa nusu ukurasa.

Chukua treni. Mwaka 2017 Madaraka Express, treni ya Mombasa na Nairobi, ilipoanza, abiria waliozoea kushuka kwenye basi Voi, mji wa Taita-Taveta ulio kwenye barabara kuu, wale, wanyooshe miguu, wanunue ndizi za njiani, wengi wao wakahamia relini na kupita. Uamuzi huo haukuwa wa kaunti na hakuna mkakati wa kaunti ambao ungeuzuia. Lakini matatu za kutoka stesheni zinapita wapi mjini, kibanda cha matunda kinaruhusiwa wapi, taa na choo cha umma viko wapi, hayo ni ya kaunti kabisa. Ukurasa mmoja kuhusu hayo una faida kuliko kurasa kumi za kulalamikia reli.

Sasa nikwambie ninaloliamini baada ya miaka mingi ya kazi hii, na najua wenzangu wengine hawakubaliani nami. Msaada wa kwanza wa biashara ambao kaunti inaweza kutoa ni kuacha kuziumiza zile zilizopo. Ndiyo kwanza, kabla ya mafunzo na kabla ya mfuko wowote.

Utafiti wa shirika la takwimu la taifa, KNBS, wa mwaka 2016 ulihesabu biashara ndogo na za kati milioni 7.41 nchini Kenya. Zilizokuwa na leseni ni milioni 1.56 tu. Katika miaka mitano iliyotangulia utafiti, biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa, kwa wastani zikiwa na umri wa miaka 3.8. Sababu iliyotajwa kuliko zote ni kuishiwa fedha za kuendeshea. Angalia vizuri: fedha za kuendeshea, ile ya kununulia mzigo wa kesho. Wengi hawakusema kwamba walikosa mawazo, au kwamba hawakujua ujasiriamali.

Weka hilo kando ya jambo la pili. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zilionyesha kwamba kufikia mwisho wa Juni 2023 kaunti zetu 47 kwa pamoja zilikuwa na madeni ambayo hayajalipwa ya zaidi ya shilingi bilioni 160. Sehemu ya fedha hizo ni za wakandarasi wakubwa, sikatai. Lakini ndani yake yumo seremala. Tuseme amepata zabuni ya madawati ya chekechea. Mbao amekopa, msumari amekopa, vijana wake wawili anawalipa kila Jumamosi. Madawati yamefika shuleni mwezi Machi, mwalimu ametia sahihi, watoto wameyakalia. Bili inazunguka ofisini, mara inakosa muhuri, mara afisa yuko semina. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa na bili inaitwa "deni la nyuma". Mwenye mbao hajui mwaka wa fedha ni nini. Anajua jina la seremala.

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na imezitaka kaunti zitenge angalau asilimia 20 kwa wakazi wa kaunti husika. Ni sheria nzuri. Ila asilimia 30 ya zabuni zisizolipwa ni asilimia 30 ya madeni, na yanayobeba madeni hayo ni mabega membamba zaidi. Kwa hiyo kama nyinyi mna ombi moja tu la kifedha, liwe hili: bili zote ndogo, tuseme za chini ya shilingi 500,000, zilipwe ndani ya siku 30, na orodha ya zilizochelewa ibandikwe kila mwezi mlangoni mwa ofisi ya fedha na kwenye tovuti. Kaunti haihitaji mfadhili wala mshauri kufanya hivyo. Inahitaji aibu kidogo.

Umizo la pili ni ushuru wa njiani. Hapa nakuomba ufanye jambo ambalo mshauri mwenye rasimu yake huenda hakulifanya: fuata mkungu wa ndizi. Ndizi zinakatwa Taveta, zinapakiwa kwenye kanta (lori dogo), zinapita Mwatate, zinaingia barabara kuu Voi na kuteremka hadi Kongowea, Mombasa. Mtu wa chama chenu apande mbele na dereva, na daftari. Kila gari linaposimamishwa aandike saa, mahali, nani amesimamisha, kiasi gani kimelipwa, risiti imetoka au haikutoka. Afanye hivyo safari tatu. Kama bidhaa yenu si ndizi, fuateni nyanya, nazi, samaki wakavu, chochote. Ukurasa wa daftari hilo utaushinda uchambuzi wote ulio kwenye rasimu, maana afisa anaweza kubishana na maoni yako lakini hawezi kubishana na risiti zilizopangwa kwa saa.

Kisha uunganishe na kifungu hiki: Ibara ya 209(5) ya Katiba inasema kaunti haiwezi kutumia mamlaka yake ya kutoza kwa namna inayodhuru uchumi unaovuka mipaka ya kaunti au mwendo wa bidhaa nchini. Njia ile ya ndizi inapita Taita-Taveta, Kwale, Kilifi na Mombasa, na zote nne zimo katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani pamoja na Tana River na Lamu. Jumuiya hiyo hupenda sana makongamano. Iulizwe jambo moja dogo: kwa nini mzigo uliokwisha kulipiwa ushuru wa mazao ulikotoka usipite kwa risiti hiyohiyo hadi sokoni? Makubaliano ya kurasa mbili kati ya kaunti sita yangefanya kazi kuliko mkakati wa kila mmoja peke yake. Na nikiwa mkweli, mawaziri wa fedha wa kaunti hawatalipenda, kwa sababu kizuizi kinaleta fedha taslimu kila siku na mtu anayekisimamia ana jina na kadi ya kura.

Leseni nazo usiziache. Mwenye duka dogo analipia leseni ya biashara, cheti cha zima moto, cheti cha afya, ada ya kibao kilicho juu ya mlango, na kila moja ina dirisha lake na siku yake. Nairobi iliziunganisha kuwa leseni moja mwaka 2023. Huna haja ya kusifia kila kitu cha Nairobi, lakini limeshaonyeshwa kuwa linawezekana kisheria, kwa hiyo jibu la "sheria haituruhusu" lisikutishe.

Tuje kwenye majengo, maana najua ndiyo moyo wa rasimu yenu.

Kenya ina historia ndefu ya kujenga kwanza na kuuliza baadaye. Mpango wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009 ulijenga masoko ya mazao na vibanda vya mafundi wa jua kali katika maeneo bunge mengi, na vingi vilikaa miaka bila mtu. Mwaka 2023 likaja wimbi jingine, la maeneo ya viwanda na ya kukusanyia mazao katika kila kaunti, kwa mpango wa serikali kuu kutoa shilingi milioni 250 na kaunti nayo milioni 250. Sisemi ni wazo baya. Nasema shilingi milioni 250 kwa kaunti ndogo ni fedha nyingi mno kuziweka kwenye kuta kabla ya kujua nani ataingia ndani.

Miaka iliyopita nilitumwa kukagua soko jipya katika kaunti moja ambayo sitaitaja. Jengo lilikuwa zuri, ghorofa moja, paa jekundu, vibanda vimepakwa namba kwa rangi nyeupe. Nilihesabu kufuli. Karibu kila kibanda cha juu kilikuwa na kufuli yenye kutu. Nje ya lango, juani, akina mama wamekaa kwenye magunia na mafungu ya nyanya. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini haingii ndani, naye akaniuliza mimi ni mteja gani atakayepanda ngazi kwa fungu la shilingi ishirini. Akaniongezea kwamba choo kimefungwa na ufunguo anao mlinzi, na mlinzi anaondoka saa kumi, saa ambayo biashara ya nyanya ndiyo inaanza, watu wakitoka kazini. Nilirudi nikaandika ripoti ya kurasa 30. Yote ya maana yalikuwa katika maneno ya yule mama, na mchora ramani angeweza kuyapata kwa bei ya fungu moja la nyanya.

Kwa hiyo, kuhusu eneo la viwanda, ulizeni kabla ya jiwe la msingi: ni nani watatu wa kwanza kuingia, na wametia sahihi wapi? Maji yanatoka bomba gani? Umeme wa nguvu ya kutosha mashine umefika, au nguzo zitakuja "awamu ya pili"? Nani atalipa bili ya umeme mwezi wa kwanza? Majibu yakiwa ya kukisia, fedha zisubiri.

Makueni mara nyingi hutajwa kama mfano mwema, na kwa kiasi ni kweli. Kiwanda chake cha maembe cha Kalamba kilifunguliwa 2017. Lakini watu husahau mpangilio: miembe ilikuwepo kwa wingi kabla ya kiwanda, na wakulima walikuwa tayari wanalia na madalali. Pia tatizo la nzi wa matunda, lililoifanya Kenya ijizuie yenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014, halikutatuliwa kwa mashine ya kusaga. Lilihitaji mitego shambani, mkulima kwa mkulima, eneo kwa eneo. Na kiwanda cha embe, hata kikiwa kizuri namna gani, hulala msimu ukiisha. Ukisikia rasimu inasema "tutajenga kiwanda kama cha Makueni", uliza miezi saba iliyobaki mashine itafanya nini.

Upande wa pili wa sarafu ni Kilifi na korosho. Kiwanda kilijengwa miaka ya 1970, kikaanguka miaka ya 1990, na mkulima akaachwa na mikorosho iliyozeeka. Mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza nje korosho ghafi ili viwanda vya ndani vipate malighafi. Marufuku haioteshi mti. Aliyekuwa na mikorosho arobaini na anayelipwa bei mbaya hutafuta mahindi, au hukata kuni.

Mfuko wa mikopo nitaupitia haraka. Kuna Mfuko wa Vijana tangu 2006, wa Wanawake tangu 2007, Uwezo, na Hustler Fund tangu Novemba 2022, bila kuhesabu chama chako mwenyewe, Sacco na M-Pesa. Kaunti ikiongeza sufuria nyingine jikoni haijaongeza chakula. Mkopo wa kaunti pia una ugonjwa wake: ukitolewa karibu na uchaguzi watu huuchukua kama shukrani, na shukrani hairudishwi. Kama lazima kaunti iguse mikopo, iwalipe seremala na wenzake kwa wakati. Huo ndio mkopo usio na riba.

Mafunzo ni jambo refu zaidi, na hapa nakuomba uvumilivu, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea kwa heshima. Mnajua yanavyokwenda: hoteli, siku tatu, daftari lenye nembo, soda, nauli, cheti. Mwezi ujao ripoti inasema "wafanyabiashara 500 wamewezeshwa".

Kuna ushahidi wa nini kinafanya kazi, na sehemu yake imetoka hapa hapa kwetu. Huko Dandora, Nairobi, watafiti waligawa wanawake wenye biashara ndogo katika makundi. Wengine waliingia darasani kufundishwa hesabu na mauzo. Wengine waliunganishwa na mama wa mtaa uleule mwenye biashara iliyosimama, wakawa wanakutana kila wiki kwa muda wa mwezi. Waliokaa darasani walijifunza kuandika vitabu lakini faida haikusogea. Waliokutana na mama mzoefu faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Na siri yake ilikuwa nini? Kubwa ni kwamba waliambiwa mzigo wa bei nafuu unapatikana kwa nani. Hakuna mwalimu wa chuo anayejua hilo. Ubaya ni kwamba, walipoacha kukutana, faida nayo ikafifia.

Utafiti mwingine, wa Togo, uliotolewa 2017, ulilinganisha biashara 1,500 mjini Lomé. Mafunzo ya kawaida ya biashara hayakuleta tofauti ya kutegemewa. Mafunzo ya kumjenga mtu ajitume, atafute fursa, ajaribu kitu tofauti na jirani yake na asikate tamaa akikwama, yalipandisha faida kwa kama asilimia 30. Hata zamani, mwishoni mwa miaka ya 1990, Kenya ilipogawa vocha za mafunzo kwa jua kali ili kila mmoja achague mwalimu wake, wengi walimchagua fundi mwenzao aliyebobea, wakaziacha taasisi. Ukiniuliza, huo peke yake ulikuwa utafiti wa kutosha.

Kwa hiyo ombeni fedha za semina zigeuzwe. Chama chenu kina mama na wazee waliodumu sokoni miaka ishirini. Kaunti iwalipe posho ya kueleweka wawe walezi wa biashara changa, watano watano kwa kila mmoja, kwa miezi sita badala ya mmoja. Hoteli hazitafurahi.

Na ombeni dirisha la biashara lenye mtu. Nasema mtu, kwa sababu rasimu nyingi husema "kituo", na kituo kikipata jengo kabla ya mtu tunarudi kwenye kufuli zenye kutu. Mtu mmoja kwa kila kaunti ndogo, meza moja pembeni ya soko, siku tatu kwa wiki. Ajue kumsaidia muuza asali au siagi ya karanga kupata alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa sababu bila hiyo supamaketi haimfungulii mlango. Ajue kumsajili kijana apate zile zabuni zilizotengwa. Taveta ajue kumweleza mama wa mpakani kwamba, mzigo wake usipozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa umetoka ndani ya Afrika Mashariki na umo kwenye orodha, anaweza kuuvusha kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa bila ushuru wa forodha, hapo hapo kwenye kituo cha pamoja cha Taveta na Holili kilichofunguliwa 2016. Wengi hawajui. Wanapita njia za panya, wakidhani wanakwepa kodi ambayo hata hawadaiwi, na wakikamatwa wananyang'anywa mzigo. Maelezo ya dakika kumi kwa lugha ya mama huyo yana thamani kuliko mkopo.

Vivyo hivyo kwa wachimbaji wa vito wa kule Taita. Kito cha kijani cha tsavorite, kilichopewa jina la Tsavo na kampuni ya Tiffany mwaka 1974, kinauzwa ghafi na mtu asiyejua thamani yake kwa mtu anayeijua vizuri sana. Sheria ya Madini ya 2016 inaipa kaunti asilimia 20 ya mrabaha, yaani tozo ya madini, na jamii asilimia 10. Lakini mrabaha hutoka kwenye bei iliyoandikwa, na mchimbaji asiye na wa kumpimia jiwe haandiki bei, anapokea anachopewa. Mkakati wa pale ungetakiwa kuanza na mizani, lenzi na mthamini asiyenunua.

Sasa, nguvu ya mkakati inatoka wapi? Haitoki kwenye mkakati. Inatoka kwenye kalenda ya bajeti, na wafanyabiashara wengi huitwa kwenye maoni na kusahau kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha hufika kabla ya mwisho wa Februari, na hapo ndipo kila idara inapewa kiwango chake. Makadirio hufika tarehe 30 Aprili, na Mswada wa Fedha, wenye ada na leseni zenu zote, nao usiuache upite. Jambo lisilokuwa kwenye karatasi ya Februari halina fedha mwezi wa Julai, hata gavana alipigie makofi. Sheria ya serikali za kaunti inasema wazi kwamba fedha za umma hazitumiki nje ya mipango iliyopitishwa. Basi kila ahadi ya rasimu ile iulizwe imo katika mstari gani wa CIDP, mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, ya 2023 hadi 2027.

Lingine ambalo huenda hamjaambiwa: kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinataka kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi. Mwenyekiti wake ni gavana, na wajumbe wa serikali lazima walingane kwa idadi na wale wanaopendekezwa na vyama vya wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, wanataaluma na wa dini. Uliza wenu ni nani. Uliza walikutana lini mara ya mwisho. Kama kiti cha wafanyabiashara kimekaliwa na mtu ambaye hamjawahi kumwona, andikeni barua ya kupendekeza mwingine. Kiti hicho kina dakika nyingi kuliko tano.

Zile dakika tano zenyewe ningezitumia hivi. Dakika ya kwanza, onyesha daftari la safari tatu, soma mistari minne tu, kisha omba risiti moja ya ushuru itambuliwe katika kaunti zote sita za Pwani. Ya pili, omba bili za chini ya nusu milioni zilipwe ndani ya siku 30 na orodha ibandikwe. Ya tatu, omba leseni moja, dirisha moja. Ya nne, sema mnataka fedha za semina zilipe walezi wa sokoni na mtu mmoja wa dirisha la biashara, na useme mko tayari kutoa majina kumi wiki hiyo hiyo. Ya tano, uliza maswali yale ya eneo la viwanda, maji, umeme, na wapangaji watatu wa kwanza, halafu nyamaza usubiri jibu. Usijaze ukimya huo kwa shukrani, kaa tu.

Yote hayo yawe yameandikwa kwenye ukurasa mmoja, nakala mbili. Moja mkabidhi karani wa kikao kabla hujaanza kuzungumza. Ya pili akugongee muhuri na tarehe, urudi nayo. Mwezi wa Februari utaihitaji.